Swift Sport na simu yako: jinsi ya kumiliki gari dogo lenye mbio bila pesa kukutoroka

Ukiwa na gari dogo lenye mbio, pesa haziishi siku ya kununua. Zinaisha baadaye, kidogo kidogo, na nyingi zinapita kwenye simu: elfu nne za pedi za breki, elfu tano za malipo ya awali ya egzosi, mia nane za fundi, mia tatu za pancha. Kila malipo ni madogo, kwa hivyo hakuna linalokushtua. Mwisho wa mwezi ndipo unaangalia salio na kujiuliza gari limekula nini.

Katika somo hili tutaangalia mambo matatu. Kwanza, gari la aina hii linagharimu pesa ngapi hasa kwa siku. Pili, nini kitengenezwe kabla ya kuongeza nguvu. Tatu, jinsi ya kumlipa fundi na muuza spea ili jambo likienda kombo uwe na jina, tarehe na kiasi mkononi. Tutatumia Suzuki Swift Sport kama mfano, kwa sababu ni gari ambalo vijana wengi Kenya wanalipenda na bei yake haijapaa kama za magari makubwa ya mbio. Kama una Golf GTI, Vitz RS au Fit RS, mengi ya haya yanakuhusu pia.

Jua gari unalozungumzia

Jina Swift Sport limebeba magari tofauti kadhaa, na kila moja lina gharama zake. Kwa magari yaliyotoka Japani, angalia mwanzo wa namba ya chesi.

ZC31S ilianza kuuzwa Japani mwaka 2005. Ina injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, nguvu za farasi 125.

ZC32S ilikuja mwishoni mwa 2011. Injini ni ya lita 1.6 vilevile, bila turbo, lakini sasa farasi 136. Iko ya gia 6 za mkono na ya CVT.

ZC33S ilitoka Septemba 2017. Injini ni ndogo zaidi, lita 1.4, lakini ina turbo. Farasi ni 140, na msukumo ni Nm 230 ukilinganisha na 160 wa ZC32S. Ya gia za mkono ina uzito wa kilo 970 tu. Hapo ndipo utamu wake ulipo: gari jepesi lenye msukumo wa mapema.

Kwa nini hili ni jambo la pesa? Kuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni sheria ya miaka 8. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo ZC31S na ZC32S unazoziona sokoni ni zile ambazo tayari ziko hapa nchini, zimeshaendeshwa na mtu kwenye barabara zetu. Hapo unanunua gari pamoja na historia ya mwenyewe.

Sababu ya pili ni ukubwa wa injini. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya petroli hupanda gari likivuka cc 1,500. ZC33S ina cc 1,371, iko chini ya mstari huo.

Sababu ya tatu ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hesabu ya haraka, farasi 136 za ZC32S zinabaki kama 113 ukiwa Nairobi. Ukiona gari lako "limelala" ukilinganisha na video ulizoangalia za Japani, huenda halina ugonjwa wowote. Usitume pesa ya kutibu ugonjwa ambao ni hewa tu.

Kabla ya kununua: pesa isitangulie jina

Ukiona tangazo lenye bei tamu kupita kiasi, utasikia maneno kama haya: "Bosi, gari ni safi, lakini kuna mtu mwingine anakuja saa nane. Tuma elfu ishirini nikushikie." Tafadhali usitume. Malipo ya kushikiliwa gari ambalo hujaliona ni mojawapo ya njia rahisi za wakora kula pesa za watu. Haraka ndiyo silaha yao.

Fanya hivi badala yake.

1. Omba namba pleti, kisha uingie mwenyewe kwenye akaunti yako ya eCitizen, upande wa NTSA, utafute rekodi ya gari hilo. Ada ni ndogo. Rekodi itakuonyesha mwenye gari ni nani, na kama kuna benki au mkopeshaji ambaye bado ana haki juu yake.

2. Nenda ukalione gari mchana. Linganisha namba ya chesi iliyo kwenye gari na ile ya rekodi. Sport mpya inaanza na ZC33S. Ikiwa inaanza na herufi na tarakimu nyingine, basi hiyo ni Swift ya kawaida iliyobandikwa beji, na bei yake inafaa kuwa ya Swift ya kawaida.

3. Peleka fundi wako, si fundi wa muuzaji. Akague klachi, turbo kama ipo, uvujaji wa oili, bushi na shokabsoba, na dalili za gari kugongwa na kupakwa rangi upya.

4. Jina lililo kwenye rekodi ndilo linafaa kuonekana kwenye akaunti unayolipa. Kama gari ni la "mjomba" na pesa ziende kwa "mpwa", simama hapo. Mjomba aje mwenyewe, au akupe barua ya wakili inayompa mpwa mamlaka ya kuuza.

5. Kwa pesa nyingi tumia benki. Kwa simu, muamala mmoja una kikomo cha KSh 250,000, na kukatakata malipo ya gari vipande vipande kwa namba tofauti tofauti kunavuruga ushahidi wako. Andikeni mkataba wa mauziano, na salio la mwisho lilipwe uhamisho wa umiliki ukiwa umeanzishwa kwenye eCitizen.

Gari linakula ngapi kwa siku?

Sasa tupige mahesabu. Haya ni mahesabu ya mfano; weka bei zako halisi ulizoulizia wewe. Tuseme mtu anaishi Ruiru, anafanya kazi Upper Hill, na anaendesha kilomita 1,500 kwa mwezi.

Mafuta: gari likienda kilomita 12 kwa lita, atahitaji lita 125. Lita ikiwa KSh 180, hiyo ni KSh 22,500 kwa mwezi.

Hii ya mafuta kila mtu anaijua kwa sababu anailipa kila wiki. Zinazoumiza ni zile zinazokuja mara moja moja:

- Sevisi kila kilomita 5,000, tuseme KSh 12,000. Kwa mwendo wake ni karibu kila miezi mitatu na siku kadhaa. Kwa mwezi: 3,600.
- Tairi nne kila kilomita 40,000, tuseme KSh 56,000. Kwa mwezi: 2,100.
- Pedi, disku za mbele na mafuta ya breki kwa umbali huohuo, tuseme KSh 32,000. Kwa mwezi: 1,200.
- Bima kubwa, gari la KSh 1,800,000 kwa asilimia 4, ni 72,000 kwa mwaka. Kwa mwezi: 6,000.
- Dharura, yaani betri, pancha, sensa, kuvutwa: 3,000.

Jumla bila mafuta ni KSh 15,900 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30, unapata KSh 530 kwa siku.

Hiyo 530 ndiyo namba ya kukumbuka. Kwa mwendo huo, kila siku gari linapolala nje ya nyumba yako, limekula wastani wa 530. Kama hujaiweka kando, hujaokoa chochote. Umeahirisha deni tu, na deni hilo litakuja siku moja kama tairi nne kwa pamoja.

Tunachopendekeza ni rahisi. Fungua mfuko wa akiba tofauti kwenye simu, au laini au akaunti tofauti, uuite "Gari". Kila siku, au kila Jumatatu, hamisha kiasi chako. Ukilipwa kwa mwezi, hamisha siku mshahara unapoingia, kabla ya kulipa kitu kingine. Kwa mafuta, kumbuka EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi na zinaanza kutumika usiku huo. Weka bajeti ya mafuta kuanzia tarehe 15 hadi 14, haitakupiga chenga katikati.

Na kama ukipiga hesabu yako namba inatoka kubwa kuliko unavyoweza? Ni afadhali uijue sasa. Swift ya kawaida ya cc 1,200 itakufikisha Upper Hill saa ileile, kwa sababu foleni haijui nani ana turbo.

Kinachosimamisha gari kije kabla ya kinachokimbiza

Hapa ndipo tungependa usome polepole, kwa sababu kuna zaidi ya pesa.

Mtu akipata elfu thelathini za gari, mara nyingi wazo la kwanza ni egzosi yenye mlio. Watu watageuka, marafiki watasikia. Breki hazina mlio, wala hakuna anayepiga picha ya mafuta ya breki. Lakini fikiria safari ya Naivasha msimu wa Safari Rally, watu wanne ndani ya gari na mizigo nyuma, mnashuka ule mteremko mrefu wa kuelekea Mai Mahiu nyuma ya lori.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa taratibu, hata kama gari halina tatizo lolote. Yakishakuwa na maji ndani, yanachemka kwa joto la chini kuliko yalivyokuwa mapya. Kwenye mteremko mrefu unakanyaga breki tena na tena, disku zinapata moto, moto unafika kwenye mafuta, yanachemka na kutoa mapovu. Mapovu yanabonyea. Unakanyaga pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Lori bado liko mbele yako.

Dawa yake ni kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka 2 hivi, na kushuka mteremko ukiwa kwenye gia ndogo ili injini isaidie kushika gari. Kubadilisha hakugharimu hata robo ya egzosi ya maana.

Kwa hivyo huu ndio mpangilio wetu. Usiruke hatua.

Hatua ya 1: tairi. Swift Sport ya ZC32S na ZC33S zimetoka kiwandani na tairi za 195/45R17. Namba ya 195 ni upana kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni inchi za rimu. Ubavu mfupi hivyo unashika kona vizuri, lakini shimo moja la barabara linaweza kupasua tairi na kupinda rimu. Kabla ya kulipia tairi, hata za mitumba, tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na bado raba yake ni kuukuu na ngumu. Gari lililotoka Japani juzi laweza kuwa na tairi za namna hiyo, kwa hivyo angalia hata kama gari ni "jipya".

Hatua ya 2: breki. Mafuta mapya, pedi nzuri, disku zisizo na mifereji. Kwa gari la kilo 970, pedi nzuri za saizi ya kiwanda zinatosha watu wengi. Hauhitaji breki kubwa za kuonekana nyuma ya rimu.

Hatua ya 3: bushi, shokabsoba na alaimenti. Gari likivuta upande au likigonga kwenye matuta, kuongeza nguvu ni kuongeza tatizo. Kuhusu kulishusha gari chini: pima kwanza matuta ya mtaa wako. Kushusha kupita kiasi kunamaliza shokabsoba, kunakula tairi upande mmoja, na kila tuta linakuwa malipo.

Hatua ya 4: sevisi iliyokamilika. Oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, filta, plagi, na maji ya rejeta ya aina sahihi, si maji ya bomba. Turbo hutegemea oili safi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mhimili wake unazunguka kwa kasi kubwa sana juu ya utando mwembamba wa oili. Oili iliyochoka inaua turbo polepole, na bei ya turbo hauitaki.

Hatua ya 5: baada ya hayo yote, nguvu.

Ukitaka kuongeza nguvu

Kwa ZC31S na ZC32S, ambazo hazina turbo, tunasema wazi: egzosi na filta ya hewa vitakupa mlio zaidi ya mbio. Injini hizi zinavuta hewa zenyewe, na huku Nairobi hewa yenyewe imepungua. Pesa hizo ziweke kwenye tairi na shokabsoba, utahisi tofauti kila kona.

Kwa ZC33S hali ni nyingine. Turbo inaweza kuambiwa isukume hewa zaidi kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya injini, kazi ambayo mafundi huiita remapu. Inafanya kazi kweli, lakini ina bei tatu ambazo hazipo kwenye tangazo.

Ya kwanza ni mafuta. Gari hili lilitengenezwa kutumia petroli ya oktani ya juu ya Japani, ambayo kiwango chake ni kuanzia 96. Usichukulie kwamba kila pampu ya hapa inatoa kiwango hicho. Fundi anayeleta faili kutoka nje bila kuuliza wewe unajaza petroli gani, huyo hajafanya kazi yake. Petroli ya oktani ya chini pamoja na msukumo mkubwa husababisha mafuta kulipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, na hapo ndipo pistoni huharibika.

Ya pili ni klachi. Msukumo ukiongezeka, klachi iliyochoka huanza kuteleza: injini inapiga kelele lakini gari haliendi. Weka pesa ya klachi kando kabla ya remapu, si baada.

Ya tatu ni joto. Kwenye hewa nyepesi turbo inafanya kazi zaidi kupata msukumo uleule. Gari lililorekebishwa linahitaji oili kubadilishwa mapema na rejeta iliyo safi.

Muulize fundi maswali manne kabla ya kutuma hata shilingi: Utahifadhi programu ya kiwanda ili niweze kuirudisha? Utapima gari kabla na baada, kwa kifaa gani? Umezingatia petroli ninayotumia? Na nikipata shida wiki ijayo, dhamana ni ya siku ngapi, na umeiandika wapi? Fundi mzuri hatakasirika. Wa kukimbia ni yule anayejibu "usijali bosi, hiyo kitu ni simple".

Jinsi ya kulipa

Spea za magari kama haya hupatikana Kirinyaga Road, Industrial Area, na siku hizi kwenye kurasa nyingi za mitandao ya kijamii. Sheria zetu ni zilezile kila mahali.

Lipa biashara kwa Till au Paybill, si kwa namba ya mtu binafsi, kila inapowezekana. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Duka linaitwa jina moja na Till inasoma jina lingine? Huenda ni jina la mwenye duka, na hilo si kosa. Lakini uliza, na aliandike jina hilo kwenye risiti.

Gawa malipo ya kazi kubwa. Tuseme shokabsoba na kazi ni KSh 60,000. Usitume zote. Toa pesa ya spea baada ya kuziona, ukilinganisha namba ya spea na boksi. Toa sehemu ya ufundi gari likiwa limeanza kufanyiwa kazi, na umalizie baada ya kuliendesha wewe mwenyewe. Njia hii inamlinda fundi pia, kwa sababu hatumii pesa zake kununua spea zako.

Spea ya kuagizwa kutoka nje ina hatari zaidi. Ukilazimika kutoa malipo ya awali, pata maandishi yenye mambo matano: namba ya spea, bei kamili, kiasi ulichotoa, tarehe ya kufika, na kitakachotokea isipofika. Ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, mradi jina la aliyeandika ni lile lililopokea pesa.

Plagi na filta bandia zipo sokoni, na boksi lake laweza kufanana na halisi kabisa. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, hiyo ni habari. Omba risiti, na uombe spea ya zamani uliyotolewa. Ukiishika mkononi unajua kweli ilibadilishwa.

Ukikosea namba, omba kurejeshewa papo hapo kupitia njia rasmi ya huduma unayotumia. Lakini elewa tofauti hii: kurejeshewa ni kwa pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi. Pesa uliyomtumia tapeli kwa hiari yako, kwa namba aliyokupa, ni kesi ya polisi, na huenda ameshaitoa. Ndiyo maana tunasisitiza jina kabla ya PIN.

Na PIN yako ni yako. Fundi haihitaji, muuza spea haihitaji, na sisi hatutakupigia simu kuiomba.

Bima, logibuku na faini

Sheria ya Kenya inataka kila gari barabarani liwe angalau na bima ya mtu wa tatu. Ukiwa na bima kubwa, mwambie mwenye bima kila badiliko: remapu, rimu, shokabsoba, viti. Anaweza kuongeza bei kidogo. Ukinyamaza, siku ya ajali mkaguzi ataona mwenyewe, na dai la milioni linaweza kukataliwa kwa sababu ya kitu cha elfu arobaini. Mwambie kwa maandishi na uhifadhi jibu.

Ukibadilisha injini au rangi ya gari, rekodi ya NTSA nayo ibadilishwe. La sivyo gari lako na logibuku yako ni vitu viwili tofauti, na kuliuza kutakuwa shida.

Kuhusu mwendo: kuzidisha kikomo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa kuna faini ya papo hapo ya KSh 10,000. Kwa mtu wetu wa Ruiru hiyo ni karibu siku 19 za akiba ya gari. Na ukipokea SMS inayosema una faini, yenye linki ya kulipia, usibofye. Ingia mwenyewe eCitizen uangalie. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222, hayaendi kwa namba ya simu ya mtu.

Zoezi la wiki hii

Chukua dakika ishirini. Pakua taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu iliyopita. Kando ya kila malipo ya gari andika herufi moja: P kwa petroli, M kwa matengenezo, R kwa marekebisho na urembo. Jumlisha kila herufi.

Kama R imezidi M, na gari lako halijabadilishwa mafuta ya breki kwa miaka miwili, unajua malipo yako yanayofuata ni ya nini.

Kisha anzisha daftari la gari, hata kwenye simu: tarehe, kilomita, kilichofanywa, kiasi, jina la aliyelipwa, na kodi ya muamala. Mstari mmoja kwa kila kazi. Baada ya mwaka utajua fundi gani kazi yake inadumu na nani unamrudia kila mwezi kwa tatizo lilelile. Na siku ya kuuza, mnunuzi akikuuliza gari limetunzwaje, utamfungulia daftari hilo, na kila mstari utakuwa na kodi ya muamala nyuma yake. Hapo ataona mwenyewe kwa nini Swift yako ni ya bei kuliko ya jirani.

Endesha salama, na usome jina kabla ya PIN.